Chungu kinachokwisha: mwongozo kamili wa kupika vya stoo umeme ukiwa haupo

Alhamisi tarehe 10 Disemba 2009 umeme ulikatika Unguja nzima, ukarudi Machi 2010. Miezi mitatu. Tulikuwa tumeshaonja mwaka uliotangulia, Mei hadi Juni 2008, karibu mwezi mzima wa giza, tukajiona tumefuzu. Kumbe ile ilikuwa rasharasha tu. Kisiwa kizima siku hizo kilitegemea kebo moja ya baharini, iliyotandazwa mwaka 1980 kutoka Ras Kiromoni upande wa Dar es Salaam mpaka Fumba. Ilipopata hitilafu hapakuwa na njia ya pili. Kebo mpya haikuja mpaka 2013.

Sisi tulikaa fleti za Michenzani, ghorofa ya tatu. Jiko letu lilikuwa la umeme la plati mbili, na friji ilikuwa bado ina nyama ya Sikukuu ya Mfunguo Tatu (Idi ya kuchinja), iliyopita wiki mbili nyuma. Watu wakizungumzia kupika gizani huanza na moto. Moto haukutushinda. Jirani wa chini alikuwa na seredani (jiko la makaa) ya ziada, na makaa yapo kila mtaa. Kilichotushinda kwanza ni kiporo.

Siku ya tatu mama alipika wali wa nazi kama kawaida yake, sufuria kubwa, "na wa asubuhi ubaki." Ilikuwa kaskazi, joto la kukamua shati. Alfajiri kifuniko kilipofunuliwa wali umelegea, unavuta nyuzi, unanuka kama togwa. Vikombe vitano vya mchele na nazi mbili vikaenda jaani. Mama hakugomba. Alikaa juu ya kibao cha mbuzi, akaitazama ile sufuria, akasema: "Kuanzia leo, chungu kinakwisha."

Mwongozo huu wote umetoka kwenye neno hilo. Umeme ukatike saa sita au miezi mitatu, hesabu ni ile ile: pika kinachoisha siku hiyo, kwa vitu ambavyo havikuhitaji friji tangu mwanzo.

Kwanza imalize friji

Umeme ukikatika usiifungue friji kuangalia kilichomo. Kumbuka kichwani. Friji isiyofunguliwa hushika ubaridi kwa saa 4 hivi. Sehemu ya kugandishia ikiwa imejaa inaweza kufika saa 48, ikiwa nusu ni kama saa 24. Kila mkono unaoingia kutafuta maji baridi unapunguza saa hizo.

Samaki mbichi ndiye wa kwanza kutoka, na ndani ya saa zile za mwanzo. Baada yake maziwa na mchuzi uliobaki. Nyama iliyoganda ndiyo ya mwisho, na ukiitoa, ipike yote kwa mara moja. Mama aliipika yote siku ya pili, nusu tukala, nusu ikashuka ngazi kwa sahani: moja kwa jirani aliyetuazima seredani, moja kwa bi mkubwa wa mlango wa pili, nyingine sijui ilifikia wapi. Siku ya nne sahani zile zikarudi na vitu ndani, sahani haikurudi tupu hata moja. Kwa hiyo hesabu majirani kuwa sehemu ya stoo yako.

Vya kuweka stoo

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, kwa sababu ukishakuwa gizani umeshachelewa kununua.

Mchele, choroko, kunde na mbaazi viweke kwenye ndoo zenye mfuniko wa kubana, kila kimoja na chake. Unga wa ngano na tambi usinunue vya mwaka. Mdudu anazijua kuliko wewe. Sukari, chumvi, mafuta, majani ya chai, maziwa ya unga. Kitunguu maji na thomu (kitunguu saumu) vining'inie panapopita upepo, visikae ndani ya mfuko wa plastiki. Ukwaju uliobonyezwa kwa chumvi ndani ya chupa ya kioo unakaa miezi, nao ndio utakaokuwa tungule (nyanya) yako siku tungule zikikosekana. Bizari ya manjano, bizari nzima, pilipili manga na iliki.

Nazi nunua nzima. Nazi ni kopo alilolifunga Mungu mwenyewe: ikiwa na makumbi yake inakaa miezi, ikifuliwa inakaa wiki kadhaa. Itikise usikie maji. Isiyo na sauti usiichukue. Kisha nusa yale macho yake matatu, na likiwa jicho limelowa au lina ukungu, irudishe. Tui la kopo au la unga halina ubaya, ila likishafunguliwa ni sawa na tui jingine lolote, linataka kwisha siku hiyo.

Papa mkavu na ng'onda (samaki wa kukaushwa), nenda sokoni Darajani au Mwanakwerekwe kwa miguu yako, usiagize. Papa mzuri ana harufu kali ya chumvi, lakini haiumizi kichwa. Mbonyeze kwa kidole gumba: anatakiwa awe mkavu mpaka ndani, asiwe anabonyea kama mkate. Tazama rangi. Akiwa na wekundu kama waridi juu ya chumvi ameanza kuharibika, hata muuzaji akikuapia kwamba ndivyo alivyo. Dagaa nao wawe wanang'aa fedha, vichwa havijakatika. Rundo la vichwa na vumbi chini ya gunia ni dagaa wa zamani. Ukifika nyumbani waanike tena jua la siku moja juu ya ungo kabla ya kuwaweka.

Na maji. Hili watu hulisahau: pampu nazo zinaendeshwa kwa umeme. Sisi tulipandisha madumu ghorofa tatu, kila mtoto na dumu lake la lita 5, asubuhi kabla ya skuli na jioni baada ya chuo cha Kurani. Ndiyo maana katika hatua za chini nitakwambia maji gani yamwagwe na yapi yatumike tena.

Moto mmoja, kazi tano

Washia seredani roshani au uani, kamwe si ndani ya chumba. Makaa yaliyokolea hayatoi moshi, ndiyo maana watu huyaamini, lakini hewa yake ya sumu haina harufu wala rangi, na mtu aliyelala haamki kuambiwa. Hata mvua ikinyesha, hata umechoka, usiingize seredani ndani ukafunga dirisha. Wala usiilaze chumbani "imalizikie huko."

1. Vunja vifuu viwili, vipange katikati ya seredani, weka nyuzi za makumbi chini. Vifuu vinawaka muda mrefu kuliko karatasi na havihitaji mafuta ya taa, ambayo yanatia harufu kwenye chakula.
2. Panga makaa juu yake kwa kuachia nafasi. Pepea taratibu mwanzo, kisha kwa nguvu. Wakati vifuu bado vina ulimi wa moto, bandika birika: chai inachemka kwa moto ambao ungepotea bure.
3. Makaa yakiwa mekundu pande zote, bandika choroko au mbaazi. Hapo ndipo moto una nguvu na subira.
4. Choroko zikiiva, bandika wali. Wali hautaki moto mkali mwisho wake, na makaa nayo yanashuka. Vinakutana.
5. Makaa yanayobaki chini ya wali yanamaliza mchuzi wa papa, na jivu la moto linapasha maji ya kuoga ya mzee.

Anza saa nane mchana, saa kumi na mbili uwe umeshapakua. Usipike usiku. Nasema hivyo kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikishika koroboi juu ya sufuria ili mama aone kama kitunguu kimegeuka rangi. Nikainama zaidi. Matone mawili tu ya mafuta ya taa, mchuzi mzima ukanuka taa, tukala wali na chumvi. Kaka yangu hajaacha kunitania kwa hilo hadi leo.

Mlo wenyewe: wali mkavu, choroko za nazi, papa wa ukwaju

Vipimo hivi ni vya watu watano. Katika vyungu vitatu hivi, nazi inaingia kimoja tu. Hiyo ndiyo kanuni mama aliyoitoa baada ya ule wali uliochacha: nazi ndiyo inayoharibika upesi kuliko vyote, kwa hiyo iweke kwenye chungu ambacho una hakika kitafutwa kwa mkate. Wali upike kwa maji na chumvi. Papa apikwe bila tui.

*Choroko.* Vikombe 2. Zimwage kwenye sinia, uzichague kwa jua, kwa sababu kijiwe cha choroko kina rangi ya choroko. Zioshe mara mbili na uzilowekee tangu asubuhi. Zitaiva bila hivyo, ila utachoma makaa zaidi. Bandika na maji mapya vikombe 6. Dakika 35 mpaka 45 zitapasuka. Ponda kama nusu yake kwa mgongo wa upawa, nyingine ziache nzima, ili mchuzi uwe mzito na bado upate cha kutafuna.

Huku zinachemka, kuna nazi moja kubwa. Kaa sawasawa juu ya mbuzi, zungusha kifuu taratibu, na ukianza kuona ngozi ya kahawia uache, kwa kuwa ile inatia weusi na uchungu kidogo. Mimina kikombe 1 cha maji ya uvuguvugu, fikicha kwa vidole mpaka uhisi mafuta yanateleza, kisha kamua kwa kifumbu. Hilo ndilo kasimile, liweke pembeni. Rudia kwa vikombe 2 vya maji upate tui jepesi.

Tia kwenye choroko kitunguu kimoja kilichokatwa, chembe tatu za thomu zilizopondwa, nusu kijiko cha chai cha bizari ya manjano, pilipili mbichi nzima usiyoipasua, na tui jepesi. Iache itokote dakika 10. Chumvi. Mwisho kabisa tia kasimile, koroga bila kuacha, na likianza kupanda tu, epua. Ukiliacha litokote sana linakatika, mafuta juu na maji chini. Linalika, lakini bi mkubwa wa mlango wa pili angekutazama.

*Papa.* Kipande cha gramu 300 hivi. Mkate vipande, mchemshe dakika 10, mwaga maji. Hayo ndiyo maji ya kumwaga kweli, hayafai kitu kwa chumvi. Rudia mara ya pili, na onja ukucha wa nyama: akiwa bado anachoma ulimi, rudia ya tatu. Msugue ngozi yenye mchanga kwa kisu akiwa bado moto, itoke. Mchambue nyuzi nyuzi. Maji ya kuoshea mchele yanafaa kumsuuzia hapa, yanampunguzia harufu na umeokoa dumu.

Kaanga kitunguu kikubwa kwa vijiko 3 vya mafuta hadi kigeuke rangi, tia thomu, bizari nzima iliyopondwa, pilipili manga. Mtie papa, mgeuze mpaka akauke na kingo zishike rangi. Kisha maji ya ukwaju robo kikombe. Sauti itakayotoka hapo, na mvuke ule wa kuchacha na kunukia pamoja, ndiyo iliyokuwa inatuita kutoka chini bila mtu kuitwa jina. Kaskazi ni msimu wa maembe, na siku ukwaju ulipokwisha mama alitia embe mbichi lililokatwa nyembamba. Mimi naona ni bora kuliko ukwaju. Nyumbani hoja hii haijaisha.

*Wali.* Pima kwa mdomo, si kwa sufuria: robo tatu ya kikombe kwa mtu mzima, nusu kwa mtoto. Sisi tulikuwa wakubwa wawili na watoto watatu, ikawa vikombe 3. Ukipima hivyo siku tatu utajua hasa nyumba yako inakula nini, na utashangaa ulikuwa ukipika zaidi kiasi gani.

Chemsha maji vikombe 4 na nusu, chumvi, kijiko 1 cha mafuta. Tia mchele uliooshwa. Maji yakikauka juu na kubaki vishimo vishimo, geuza mara moja tu kwa mwiko. Sasa palia: toa makaa mengi chini, acha manne au matano, funika kwa sinia la bati lililokaa barabara, juu ya sinia panga makaa kama 8, mengi pembeni, machache katikati. Dakika 15 hadi 20. Usifunue. Sikiliza: ukisikia mchachatiko mwembamba upande wa chini, ukoko umeanza, na sufuria inataka kushuka. Kuyaondoa makaa juu ya sinia tumia koleo na uelekeze usoni pa seredani, jivu lisidondokee wali wakati wa kufunua.

Ukoko haupotezwi. Unakwanguliwa, unamwagiwa kijiko cha mchuzi wa choroko, na anapewa aliyepandisha madumu mengi.

Wali ukibaki, ujue kwamba katika joto la kaskazi saa 2 ni nyingi. Usiulaze hadi asubuhi ukidhani kuupasha moto kutausafisha, kwa kuwa vijidudu vya wali uliolala huacha sumu ambayo moto hauiondoi. Mpe mtu siku hiyo hiyo.

Asubuhi

Sina mengi. Chai ya mkandaa (isiyo na maziwa) yenye mchaichai na tangawizi, na chapati za maji: vikombe 2 vya unga, yai likiwapo, chumvi, maji mpaka uji uwe wa kumiminika, mafuta kidogo kwenye kikaango. Zinaiva kwa moto wa vifuu peke yake. Ukitaka mbaazi, zilowekee usiku, na kabla ya kulala yabadilishe maji yake, kwa sababu katika joto lile mbaazi zinaanza kutoa povu kabla ya alfajiri. Kunde vivyo hivyo. Maharage mekundu, ukiyatumia, yamwage maji ya kulowekea na uyatokose kwa nguvu angalau dakika 10 za mwanzo, hata kama makaa yanakuuma.

Tambi za Mfunguo Sita

Maulidi mwaka ule yaliangukia mwisho wa Februari, giza bado limetanda. Ya mtaani kwetu yalisomwa kwa karabai mbili, uso wa msomaji umeng'aa upande mmoja tu, na wadudu wote wa Unguja wamehudhuria. Mama alipeleka tambi, kwa kuwa ndicho kitu kitamu kilichobaki stoo.

Vunja paketi 1 ya tambi nyembamba, ya nusu kilo. Kaanga kwa vijiko 4 vya mafuta juu ya makaa ya wastani, ukigeuza bila kusimama, mpaka ziwe na rangi ya njugu zilizokaangwa. Hapa usimwache mtoto aangalie. Kati ya kahawia na nyeusi ni kama sekunde ishirini. Mimina vikombe 3 vya maji ya moto, robo tatu ya kikombe cha sukari, iliki zilizotwangwa, chumvi ya kubana kwa vidole viwili, zabibu kavu kama unazo. Maji yakikauka, palia makaa juu kama wali, dakika 10. Za sikukuu hutiwa tui. Hizi hazikutiwa, na ndiyo maana zilivuka usiku ule, saa baada ya saa, mpaka kisomo kikaisha na sinia likarudi limefutwa.

Nimeshazipika kwa gesi mara nyingi tangu hapo. Zinakuwa tamu, lakini ile harufu ya kifuu iliyoingia kwa juu, kupitia mwanya wa sinia, sijaipata.

Jioni umeme uliporudi

Ulirudi mama akiwa amepalia. Michenzani nzima ikapiga kelele kwa pamoja, jengo hadi jengo, watoto wakawa wanawasha na kuzima taa. Kaka akakimbilia plati za jiko la umeme, akaziwasha zote mbili, zikaanza kunuka vumbi la miezi mitatu. Mama hakuinuka. "Uacheni wali uive kwanza," akasema, na akaongeza kaa moja pembeni ya sinia.

Friji nayo ikaanza kunguruma. Tulipoifungua kesho yake ilikuwa baridi sana, na ndani hamna kitu ila chupa ya maji.